Simu ya Ofisi Iwe ya Ofisi

Kuna jambo dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara ambalo limezoeleka visiwani mwetu hata halimshangazi mtu. Mwananchi anayetaka kuuliza bei ya saruji, nafasi ya chumba hotelini, au hatima ya barua yake katika ofisi ya umma, hapigi simu ya duka, wala ya hoteli, wala ya ofisi. Humpigia mtu. Namba iliyochorwa kwa rangi kwenye kibao cha mlangoni, ile inayoanza na 024, aghalabu imekwisha kufa zamani. Namba iliyo hai ni ya simu ya mkononi ya karani mmoja, nayo imeandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha boksi. Karani akienda likizo, duka limekwenda likizo. Akihamishwa Pemba, ofisi imehamia Pemba. Na akiacha kazi kwa ugomvi, ameondoka na wateja wote mfukoni mwake, wala hapana wa kumlazimisha arejeshe majina yaliyomo katika simu aliyoinunua kwa fedha zake.

Tunalitaja jambo hili kwa kuwa siku hizi wafanyabiashara wetu wanapelekewa habari za simu zinazopita katika intaneti. Wauzaji wa mitambo hiyo wanapita mahotelini, katika makampuni ya boti na mawizarani, na kila mmoja ana karatasi yenye picha nzuri. Sisi twaunga mkono simu hizo. Lakini twaona kwamba sababu inayotolewa ya kuzinunua siyo iliyo sahihi, na kwamba masharti ya kuzifanya zifae katika mazingira ya visiwa hayaelezwi ipasavyo, ama kwa kutojua au kwa kutotaka mnunuzi ajue.

Visiwa hivi si wageni wa mawasiliano. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja chini ya bahari mwaka 1879, na jengo la Extelcoms pale Shangani, ambalo leo ni hoteli, ni shahidi wa zama ambapo habari za pwani nzima zilipitia hapa. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi ya simu ilichukuliwa na Shirika la Posta na Simu, na mwaka 1994 shughuli hizo zikagawanywa, upande wa simu ukawa wa TTCL. Katika miaka hiyo kila ofisi kubwa ilikuwa na swichibodi na opereta wake. Ulikuwa ukipiga namba moja, ukasalimiwa, ukasema unamtaka nani, ukaunganishwa. Foleni ya kupata laini ilikuwa ndefu na malalamiko yalikuwa mengi, hilo halifichiki. Lakini ofisi ilikuwa na sauti yake yenyewe. Zilipokuja simu za mkononi na kuenea, kila mtu alipata simu, nayo ofisi ikapoteza ya kwake.

Hapa ndipo tunapoiona faida ya kweli ya simu za intaneti. Wauzaji husema: nunueni, mtaokoa gharama za kupiga. Maneno hayo yalikuwa na uzito miaka 20 iliyopita, pale dakika moja ya kupiga Ulaya ilipokuwa mzigo kwa mfanyabiashara. Leo viwango ambavyo makampuni ya simu hutozana kwa kuunganisha wateja wao vimeshushwa mara kadhaa tangu mwaka 2013, na mwenye duka hununua dakika kwa jumla kama anavyonunua mchele. Akiba ipo, hasa kwa wenye matawi mengi na wenye wageni wa nje, lakini atakayeingia gharama za mitambo kwa tamaa ya akiba hiyo peke yake huenda akangoja sana kuiona. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba namba inarudi kuwa mali ya taasisi. Namba moja inalia mahali pote panapotakiwa: mezani kwa karani wa Mlandege, ghalani Fumba, katika tawi la Chake Chake, na hata katika simu ya mkononi ya meneja aliye safarini. Karani akiondoka, hufungiwa njia yake, na aliyeingia badala yake hupewa. Mteja hajui kuwa kuna lililobadilika, wala hana haja ya kujua.

Tueleze kwa ufupi namna jambo hili linavyokwenda, maana anayenunua asichokifahamu huwa ametia hatima yake katika mikono ya muuzaji. Simu ya zamani ilikuwa na njia ya waya iliyotengwa kwa watu wawili tangu wanapoanza kusema hadi wanapoagana. Simu ya intaneti haina njia ya peke yake. Sauti hukatwa vipande vidogo, aghalabu 50 kwa kila sekunde, kila kipande kikatiwa anwani na kupelekwa katika njia ile ile inayobeba barua pepe na picha. Vipande hivi huitwa vifurushi, na tusivichanganye na vile vifurushi tunavyonunua vibandani. Upande wa pili hupangwa upya na kugeuzwa sauti. Utaratibu wa kuitana na kuagana baina ya mitambo, ujulikanao kwa herufi SIP, ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2002. Katika mwaka huo huo wa 1999 kijana Mmarekani, Mark Spencer, alikuwa akihitaji swichibodi kwa ajili ya kampuni yake ndogo na hakuwa na fedha za kuinunua. Akaandika programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida iwe swichibodi, akaiita Asterisk, na akaitoa bure kwa yeyote atakaye. Mitambo mingi ya simu za ofisini inayouzwa duniani leo imejengwa juu ya kazi hiyo au juu ya mfano wake. Basi mnunuzi akiambiwa kuwa programu peke yake inagharimu mamilioni, anayo haki ya kuuliza analipia nini.

Swali la kwanza la kila mfanyabiashara ni hili: intaneti yangu inatosha? Mara nyingi jibu ni kwamba wingi wake unatosha na utulivu wake hautoshi. Kodeki iliyozoeleka, iitwayo G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe. Ukitia na anwani za kila kifurushi, simu moja hufika kiasi cha kilobiti 87 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Simu 10 kwa pamoja hazifiki megabiti 1. Iko kodeki nyingine, G.729, ibanayo sauti sana, na simu yake moja ni kama kilobiti 31 tu. Kwa hivyo ofisi yenye megabiti 10 haina sababu ya kulalamika kwamba simu zinakatika kwa sababu ya uchache. Zinakatika kwa sababu kijana wa ofisi ya pili anatazama mpira, na kamera za ulinzi zinapeleka picha nje usiku na mchana, na ruta haijaambiwa kuwa sauti ya mteja ina haki ya kupita kabla ya vitu hivyo. Kulipanga hilo hakuhitaji fedha za ziada. Kunahitaji fundi anayejua na mwenye ofisi anayemwuliza amefanya nini.

Sauti kuchelewa ni adui mkubwa zaidi ya sauti hafifu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limependekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha msemaji hadi sikio la msikilizaji. Ikizidi sana hapo, watu huanza kuingiliana maneno, kila mmoja anadhani mwenziwe amenyamaza, na biashara huishia katika kuambiana "sema wewe". Wenye umri wanaikumbuka hali hiyo. Kabla ya waya za SEACOM na EASSy kuanza kazi katika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, tulitegemea sana satelaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka kwa sauti kulikula takriban robo sekunde kabla ya jambo lolote jengine.

Hesabu hii ya milisekunde ina maana kubwa kwa uamuzi mmoja ambao wauzaji huupita haraka: swichibodi yenyewe ikae wapi? Siku hizi husemwa kuwa haina haja ya kukaa ofisini. Ikodishwe tu nje ya nchi, ilipiwe kila mwezi, mwenye duka asijishughulishe na mitambo. Kwa mji wa Ulaya wenye intaneti ya kila namna, huenda hilo ni jema. Kwetu sisi yafaa tutazame ramani. Ikiwa swichibodi iko Ulaya, na mara nyingi sauti hupitishwa katika swichibodi hiyo, basi karani wa Chake Chake anapomwita mwenziwe wa Wete sauti yake hushuka Dar es Salaam, hukata bahari hadi Ulaya, na kurejea tena Pemba. Safari ya kwenda peke yake yazidi kilomita 10,000. Mwanga ndani ya mkongo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi kumekwisha kula milisekunde 100 bila ya kuhesabu mitambo ya njiani. Mipaka ya ITU imekaribia kuvukwa kwa mazungumzo ya watu wawili wanaokaa kisiwa kimoja!

Na hilo ni pale njia ikiwa nzima. Tarehe 12 Mei 2024 waya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Huduma za intaneti zilizorota nchi nzima. Kampuni iliyoweka swichibodi yake ng'ambo siku kama hiyo yaweza kushindwa kuita kutoka chumba cha chini kwenda cha juu. Iliyoiweka ndani ya jengo lake inaendelea kuitana ndani kama kawaida, na ikiwa imefungiwa kifaa chenye laini mbili tatu za simu ya mkononi, inaendelea pia kupokea na kupiga nje. Sisi hatuwapingi wanaokodi mitambo iliyo mbali. Hoteli ndogo ya vyumba 6 huko Paje isiyo na fundi huenda haina njia nyengine. Lakini kwa taasisi yenye watu 20 na zaidi, na kwa kila ofisi ya Serikali bila kubagua, twaona kuwa ubongo wa simu hauna budi kukaa hapa hapa visiwani.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo simu hizi zinapoumbuka. Simu ya mezani ya zamani ilikuwa haihitaji umeme wa nyumba. Ilipata volti 48 kupitia waya ule ule wa simu kutoka kituoni, penye mabetri na majenereta, na ndiyo maana taa zilipozimika simu ililia. Simu ya intaneti ni kompyuta ndogo. Umeme ukienda, yenyewe inazima, swichi inazima, ruta inazima, na ofisi inakuwa bubu katika saa ile ile ambayo watu wanataka kuipigia kuuliza kulikoni. Na visiwa hivi vina kumbukumbu zake. Mwaka 2008 Unguja ilikaa bila umeme wa kutoka Bara kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa kiasi cha miezi mitatu. Pemba iliishi kwa majenereta ya Wesha hadi ilipopata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Waya mpya wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013, na hali imekuwa bora sana kuliko zamani. Hata hivyo hakuna asiyejua kwamba umeme bado hukatika.

Dawa ipo na si ghali. Tangu mwaka 2003 kuna utaratibu unaokubalika duniani wa kupeleka umeme na sauti katika waya mmoja wa mtandao, hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi. Maana yake ni kwamba huhitaji kutia betri kwa kila simu. Unaitia betri swichi moja, na simu zote za jengo zinaishi. Simu ya mezani ya kawaida haizidi wati 5 au karibu na hapo. Simu 10 ni wati 50. Tia swichi, ruta na swichibodi ndogo, tuseme jumla ni wati 100. Betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake tu ili isiharibike upesi, na ukatoa kinachopotea njiani, ofisi inaendelea kusema kwa muda wa saa 5. Kwa tatizo la asubuhi moja hiyo yatosha, na anayeweza kuongeza paneli ya jua hataijutia. Ajabu yetu ni kwamba tumeona mapendekezo ya bei ya mitambo hii yenye ukurasa mzima wa aina za simu, zenye skrini za rangi na vitufe vya kila namna, na neno betri halimo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na bila shaka hawakuwa wakimaanisha bei tu.

Upande wa ulinzi hatutasema mengi, lakini tutakayoyasema yachukuliwe kwa uzito. Swichibodi iliyoachwa wazi katika intaneti haikai siku moja bila kugongwa mlango. Kuna mashine duniani ambazo kazi yake ni kuzunguka usiku na mchana zikitafuta mitambo ya simu na kujaribu maneno ya siri mepesi: namba ya ndani 101, neno la siri 101. Zikiingia hazisikilizi siri za biashara yako. Zinapiga simu, kwa mamia, kwenda namba za ng'ambo zenye bei kubwa ambazo wahalifu wenyewe wana fungu katika mapato yake. Hufanya hivyo usiku, au mwisho wa wiki, au katika siku za Idi, wakati hakuna mtu ofisini. Na bili humfika mwenye mtambo, ambaye hana wa kumlaumu. Kinga yake ni kufunga simu zote za kimataifa isipokuwa kwa nchi unazofanya nazo biashara, kuweka kikomo cha fedha kwa siku, kulipia kabla badala ya kulipia baadaye, na kutoacha mtambo uonekane nje bila ya ukuta wa ulinzi. Kadhalika wafanyakazi wafahamishwe kuwa namba inayoonekana kwenye kioo si ushahidi wa nani anapiga, kwani katika mitambo hii namba huweza kughushiwa. Wananchi wetu wamekwisha kupata tabu ya kutosha kutokana na matapeli wa ujumbe wa kutuma pesa.

Kuna na upande wa sheria. Mambo ya posta na simu ni ya Muungano tangu mwaka 1964, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kampuni kutumia simu za intaneti baina ya vyumba na matawi yake ni jambo moja. Kupata namba ya kupigiwa na umma ni jambo jengine, na namba hiyo haina budi kutoka kwa kampuni yenye leseni. Jambo la tatu, ambalo ni jinai, ni lile la mtu kupokea simu za nje kwa njia ya intaneti kisha kuzigeuza zionekane ni simu za ndani, kwa kutumia visanduku vilivyojazwa laini za mkononi, ili kukwepa malipo halali. Mwaka 2013 TCRA iliweka mtambo wa kufuatilia mwenendo wa simu, na moja katika makusudio yake lilikuwa kuugundua ulaghai huo. Mfanyabiashara akijiwa na mtu anayetaka kumwekea kisanduku cha namna hiyo katika jengo lake, kwa ahadi ya kulipwa kodi nzuri bila ya maswali, amuonyeshe mlango. Wenye kuunganisha matawi yao kwa njia ya VPN nao wakumbuke tangazo la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwa Mamlaka. Na anayetaka kurekodi mazungumzo ya wateja, kama mitambo hii inavyowezesha kwa kubonyeza kitufe, amwambie mteja kabla hajaanza kusema, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kazi.

Sasa tuseme juu ya sauti itakayoitikia. Mitambo mipya huja na opereta wa mashine, asiyechoka, asiyekwenda chakula cha mchana. Kwa bahati mbaya huja pia na tabia za huko alikotengenezwa. Tumesikia ofisi za umma zikimwitikia mwananchi kwa Kiingereza, zikampa orodha ya mambo 7 achague, na kila aliloichagua likazaa orodha nyengine. Mzee wa Makunduchi anayeuliza kuhusu pensheni yake hakupiga simu ili afanyiwe mtihani. Ametoa salamu, hakuitikiwa. Amekaa kimya kwa heshima akingoja mwenziwe amalize kusema, na mashine ikamkatia. Twashauri kwamba salamu ya kwanza iwe kwa Kiswahili fasaha kilichosomwa na mtu wa hapa, iwe fupi, isizidi machaguo matatu, na chaguo la kusema na binadamu liwe la kwanza badala ya la mwisho. Lugha za wageni zifuate nyuma kwa wale wanaozihitaji. Hoteli ya Nungwi yenye wageni wengi wa Italia yaweza hata kuwa na namba ya Italia inayolia hapa, kwa masharti ya nchi hiyo. Hiyo ni moja ya faida za mitambo hii, na haina gharama kubwa. Wenye jamaa na washirika katika Falme za Kiarabu wajue kwamba huko simu za intaneti zimewekewa vizuizi kwa miaka mingi na huruhusiwa zile zenye leseni tu, hivyo wasijenge biashara juu ya wito wa bure wa mkononi.

Na opereta wenyewe? Katika nchi nyingi kazi ya swichibodi iliwapa riziki na heshima watu wasioona, kwani ilihitaji masikio, kumbukumbu na adabu, mambo ambayo wengi wao wanayo kuliko sisi tunaoona. Swichibodi mpya iko kwenye kioo cha kompyuta. Ikinunuliwa bila kufikiri, mtu huyo atakuwa amefukuzwa kazi na kioo. Lakini programu za kusoma kioo kwa sauti zipo, na baadhi yake ni za bure. Tena simu ya mezani yenye vitufe vya kugusika bado inatengenezwa. Wanaoandika zabuni za Serikali waweke sharti hili katika maandishi, kwani lisipoandikwa halitafanywa, na baada ya mitambo kufungwa itasemwa kuwa fedha zimekwisha.

Tukiwa katika zabuni, tuongeze mambo ambayo twayaona ni ya lazima. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho hadi awe amekabidhi maneno yote ya siri ya mtambo, mchoro wa waya za jengo, na nakala ya mpangilio wa swichibodi iliyohifadhiwa mahali pengine. Mafundi wawili, na siyo mmoja, wafundishwe kuuendesha, na angalau mmoja awe wa Pemba ikiwa tawi liko Pemba. Boti hailali Mkoani kumngoja fundi wa Unguja. Simu zinunuliwe za aina inayofuata utaratibu wa SIP ulio wazi, ili muuzaji akifunga duka, simu zake zifanye kazi na swichibodi ya mwengine. Tumekuwa tukiona katika mambo mengine, si ya simu tu, taasisi ikifungwa miguu na kampuni moja kwa sababu mtambo wake hauzungumzi na mtambo mwengine wowote, na kila mwaka bei ya matengenezo hupanda kwa kuwa hakuna pa kukimbilia.

Watu wa hospitali, zimamoto na bandari wana sababu ya kutaka uangalifu zaidi ya wengine. Anayepiga 112 au 114 kwa simu ya mezani ya zamani alijulikana alipo kwa sababu waya wake ulikuwa ukielekea nyumba moja tu. Simu ya intaneti yaweza kuchomolewa Mjini ikachomekwa Micheweni na ikabaki na namba ile ile. Mpokeaji wa wito hana njia ya kujua. Kwa hivyo katika kila jengo la namna hiyo ibakizwe angalau njia moja isiyotegemea intaneti, iwe ya waya au ya mkononi, iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, na ijaribiwe kila mwezi.

Kwa wenye haraka ya kuanza, twashauri waanze na sehemu mbili: ofisi moja Unguja na moja Pemba, kwa muda wa miezi mitatu, laini za zamani zikiwa bado zinafanya kazi. Miezi hiyo iwe ya masika, wakati radi zinapopiga na umeme unapoyumba, na siyo ya kipupwe ambapo kila mtambo huonekana mzuri. Kila simu iliyokatika iandikwe daftarini pamoja na saa yake. Mwisho wa miezi mitatu daftari hilo lisomwe mbele ya muuzaji, ndipo yazungumzwe malipo ya awamu ya pili. Na kabla ya hapo kibao cha mlangoni kipakwe rangi upya na kuandikwa namba ambayo mtu akiipiga itaitikiwa.